Malipo ya Ng'ombe wa Ukame Katika Marekani, 1934

Katika historia ya misaada ambayo Serikali huwapa wakulima na wafugaji waliopatwa na maafa, yapasa kupambanua mambo mawili: kiasi cha fedha kilichotolewa, na mkono uliozipokea. La kwanza huonekana upesi katika hesabu za Serikali. La pili ndilo liamualo kama mwenye shamba atasalimika. Ununuzi wa ng'ombe uliofanywa na Serikali ya Marekani mwaka 1934 ni mfano bora wa jambo hili.

Hapo kale Serikali Kuu ya nchi hiyo ilisita sana kutoa misaada ya namna hii. Mwaka 1887 Congress ilipitisha sheria ya kutoa dola 10,000 ili wakulima wa Texas walioharibiwa na ukame wanunuliwe mbegu. Rais Grover Cleveland aliikataa. Kwa maoni yake, Katiba haikuipa Serikali uwezo wa kutumia fedha za umma kumwauni mtu binafsi, na msaada kama huo ungewazoeza raia kuitegemea Serikali mahali pa jirani zao.

Miaka 47 baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Ukame mkali uliishika nchi wakati ambapo bei za mazao zilikuwa zimekwisha kuanguka, na wafugaji wengi walikuwa wameweka mifugo yao rehani. Malisho yalikauka, visima vikapwa. Mwezi wa Juni 1934, katika utawala wa Franklin Roosevelt, Congress ilitenga dola milioni 525 kwa ajili ya ukame. Kuanzia mwezi huo hadi mwanzo wa mwaka 1935 Serikali ilinunua ng'ombe wapatao milioni 8.3, kwa zaidi ya dola milioni 111. Waliofaa kuliwa walichinjwa na nyama yao ikagawiwa maskini. Waliodhoofika mno waliuawa na kufukiwa papo hapo.

Walakini busara ya mpango huo haikuwa katika wingi wa fedha, bali katika jinsi zilivyogawanywa. Malipo ya kila ng'ombe yalikuwa mafungu mawili. La kwanza lilikuwa bei ya mnyama, na mdai mwenye rehani alikuwa na haki juu yake. La pili lilikuwa la mfugaji mwenyewe, wala mdai hakuweza kuligusa. Kwa ng'ombe aliyetimiza miaka miwili, bei ilikuwa dola 6 hadi 14, na fungu la mfugaji dola 6. Kwa ndama asiyetimiza mwaka, bei ilikuwa dola 1 hadi 5, na fungu la mfugaji dola 3.

Tukizitazama hesabu hizi twaona kwamba fungu la mfugaji halikupungua kwa ajili ya unyonge wa mnyama. Ndama dhaifu kabisa alilipiwa dola 4, na katika hizo 3 zilikuwa za mwenyewe. Ng'ombe bora alilipiwa dola 20, na za mwenyewe zilikuwa 6 tu. Basi kadiri mnyama alivyodhoofika, ndivyo sehemu ya mfugaji ilivyozidi ile ya mdai. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa, na mdai hakunyimwa haki yake. Lakini kama fedha zote zingalimwendea yeye, msaada wa maafa ungalikuwa msaada wa mabenki, na mfugaji angalibaki bila ng'ombe na bila senti.

Siku hizi Marekani ina mpango wa kudumu, uliothibitishwa na sheria ya kilimo ya mwaka 2014, wa kumlipa mfugaji sehemu ya thamani ya mifugo iliyouawa na hali mbaya ya hewa. Mwaka 1934 Serikali ililipa kabla mnyama hajafa, ikapata nyama ya kuwalisha wenye njaa. Hata hivyo swali la kuuliza ni moja katika mipango yote miwili: zikiisha kulipwa, fedha hizo zalala nyumbani kwa nani?