Medali ya Dhahabu Haikuwa Kitambulisho

Wasee, leo wacha niwape stori ya mchezo wa vitara. Najua wengi wetu tumeuona kwa filamu tu, lakini hii inatuhusu kuliko unavyodhani.

London, Julai 1908, Olimpiki. Ni shindano la timu, na silaha ni seba, upanga uliotokana na ule wa askari wa farasi. Kwa seba unadunga kwa ncha na unakata kwa makali, na kila kitu kuanzia kiunoni kwenda juu ni halali kupigwa, hadi kichwa na mikono. Enzi hizo hakukuwa na mtambo wa kuwasha taa ukiguswa. Waamuzi walikodoa macho tu wakasema nani amepata.

Hungary ikabeba dhahabu, Italia fedha, Bohemia shaba. Kikosi cha Hungary kilikuwa na wanaume watano: Jenő Fuchs, Oszkár Gerde, Lajos Werkner, Dezső Földes na Péter Tóth. Wanne wa kwanza walikuwa Wayahudi. Fuchs alikuwa mwanasheria, Földes daktari. Na seba kule haikuwa mchezo wa hivi hivi. Ilikuwa fahari ya maafisa wa jeshi na watu wa tabaka la juu. Myahudi kuishika na kuwashinda wote ilikuwa kama kusema: na sisi pia ni wa hapa.

Stockholm, 1912, hao watano wakarudi na wenzao wapya. Dhahabu tena. Fuchs alishinda pia shindano la mtu mmoja mmoja mara zote mbili, kwa hivyo akamaliza na dhahabu nne. Nne!

Sasa songa hadi 1938. Bunge la Hungary linapitisha sheria kwamba Wayahudi wasizidi asilimia 20 katika taaluma kama uanasheria na udaktari. Mwaka wa 1939 ikashushwa hadi asilimia 6. Lakini hiyo sheria ya 1939 ilikuwa na kamlango kadogo: baadhi ya watu walisamehewa, na mmoja wao ni bingwa wa Olimpiki.

Hapo ndipo mimi hushikwa na hasira. Yaani, ili uhesabiwe kama mtu wa kawaida, ulete kwanza medali?

Na hata hiyo medali haikutosha. Machi 1944 Ujerumani ikaingia Hungary. Kati ya Mei na Julai, Wayahudi zaidi ya 400,000 wakapakiwa kwa treni, wengi wao wakapelekwa Auschwitz, na waliowakusanya na kuwapakia walikuwa polisi wa Hungary yenyewe. Gerde, mwenye dhahabu mbili, alipelekwa kambi ya Mauthausen kule Austria, akauawa mwaka huo huo akiwa na miaka 61. János Garay, aliyeshinda dhahabu ya timu ya seba mwaka wa 1928, alifia Mauthausen 1945.

Sisi pia tuna hii tabia. Mtu akiambiwa "wewe si wa hapa", tunakimbia kumtetea kwa kutaja sifa: watu wake wameletea nchi medali, wamejenga biashara, wanalipa kodi. Nia ni nzuri, sikatai. Lakini ukitetea hivyo, umeshakubali kwamba kuwa raia ni zawadi ya waliofanya vizuri. Na zawadi, aliyekupa anaweza kukunyang'anya siku akiamka vibaya. Haki haifai kuwa na orodha ya waliosamehewa.

Wengi wa wale 400,000 hawakuwahi kushika upanga. Walikuwa mafundi wa nguo, wenye maduka, akina nyanya, watoto wa shule. Hawakuwa na dhahabu ya kuonyesha mtu yeyote.

Na walikuwa wa pale, sawa tu na Gerde.