HISTORIA YA SIMU ZETU, SEHEMU YA 3: Ukuta kati ya laini mbili

Tunaendelea.

Wengi wetu hapa Ulemo tuna laini mbili, wengine tatu. Ukimuuliza mtu kwa nini, atakujibu: "Hii ya kupigia, hii ya pesa." Tumezoea mpaka tunadhani ndivyo simu ilivyoumbwa. Hapana. Laini mbili ni kovu la historia. Na kovu hilo linamhusu mama anayejiandaa kujifungua kuliko mtu mwingine yeyote. Twende taratibu.

1️⃣ MLANGO MMOJA

Zamani simu na posta nchi nzima vilikuwa chini ya shirika moja tu, Shirika la Posta na Simu. Mwaka 1994 lilikuwa limeshagawanywa, TTCL ikashika simu, na mwaka huohuo Mobitel ikaleta simu za mkononi (ndiyo baadaye ikawa Tigo, leo Yas). Vodacom ilianza 2000, Celtel 2001 (leo Airtel). TTCL yenyewe ilibaki na haki ya peke yake kwenye simu za mezani mpaka Februari 2005.

Vijana hamkumbuki, lakini wakati huo ukitaka kumtumia mama yako hela unampa kondakta wa basi, au unasubiri jirani anayesafiri. Ikifika, shukuru. Kwa hiyo makampuni ya simu yalipokuja yalitutoa mbali sana, na hilo lazima tuliseme kwanza. Shida haikuwa kuja kwao. Shida ilikuja pale mmoja alipokuwa mkubwa kiasi cha kuona faida kwenye kuwafungia wengine nje.

2️⃣ UKUTA WA KWANZA: KUPIGA

Mtandao mmoja ukipiga kwenda mwingine, kampuni ya anayepiga inailipa kampuni ya anayepokea. Malipo hayo mteja huyaoni, ila yamo ndani ya bei yako.

Sasa fikirini mnada. Mfanyabiashara mmoja ana wateja wengi, na pia ndiye anayekusanya ushuru wa geti. Mdogo akitaka kuwafikia wateja wale, kila siku analipa ushuru. Mkubwa hana shida, wateja wake wanauziana humohumo ndani. Mwisho wa siku watu wote wanahamia kwa mkubwa. Si kwamba bidhaa yake ni nzuri zaidi, ni kwamba ndiko watu waliko.

Ndiyo maana kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, na ndiyo maana watu wakanunua laini ya pili. Mwaka 2013 TCRA ikaingilia: malipo hayo yakashushwa kutoka shilingi 112 kwa dakika hadi shilingi 34.92, na miaka iliyofuata yakaendelea kushushwa. Mnaona leo vifurushi vya "mitandao yote"? Havikuletwa na huruma ya mtu. Kuna geti lilishushwa ushuru.

3️⃣ UKUTA WA PILI: PESA

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007. Kwetu Vodacom iliileta Aprili 2008, Tigo Pesa ikaja 2010, na wengine nao wakawa na za kwao. Lakini kila mtandao ulikuwa kisiwa. Ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, hela haikuingia kwenye simu yake. Alipata ujumbe wenye namba ya siri, kisha amtafute wakala wa mtandao ULE uliotuma. Na makato yalikuwa makubwa zaidi.

Hebu liweke hilo kwenye maisha ya mama mjamzito. Uchungu umeanza saa nane usiku, zahanati imesema aende Kiomboi. Mume yuko Dar, ametuma hela ya gari. Hela ipo! Lakini ipo upande wa pili wa ukuta, na wakala wa mtandao huo amelala kijiji kingine. Sisi wauguzi tunafundishwa kuhusu ucheleweshaji wa aina tatu unaoua mama: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Ukuta kati ya mitandao unaingia moja kwa moja kwenye ule wa pili.

Ukuta ulianza kubomoka 2014, pale Airtel, Tigo na Zantel walipokubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja. Vodacom, aliyekuwa mkubwa kuliko wote kwenye pesa za simu, aliungana nao 2016. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo.

Kwa nini ilichukua miaka minane tangu 2008? Angalieni nani alianza na nani alikuja mwisho. Wadogo walikuwa na haraka kwa sababu ukuta uliwaumiza. Mkubwa hakuwa na haraka. Na kwa nini hatimaye iliwezekana? Kwa sababu kwetu hakukuwa na kampuni moja kubwa kiasi cha kuwapuuza wengine wote milele. Wa pili na wa tatu walikuwa na nguvu yao.

4️⃣ MAJIRANI ZETU KENYA

Ukitaka kuona ingekuwaje kama tungekuwa na mkubwa mmoja tu, tazama Kenya. Wao ndio waliotutangulia kwenye M-Pesa, lakini kutumiana pesa moja kwa moja kati ya mitandao kulianza rasmi 2018. Miaka minne baada yetu!

Mawakala wa M-Pesa nao walikuwa wamefungwa kwa mikataba, hawaruhusiwi kumhudumia mshindani. Airtel ikalalamika kwenye mamlaka ya ushindani ya Kenya, na Julai 2014 Safaricom ikaliondoa sharti hilo. Mwaka huohuo benki ya Equity ilitaka kuleta laini nyembamba ya kubandika juu ya laini yako ya kawaida, ili upate huduma zao kwenye simu hiyohiyo. Wazo jipya kabisa. Safaricom ikapinga, ikisema usalama wa wateja utakuwa hatarini. Mamlaka ya mawasiliano ikaruhusu kwa majaribio ya mwaka mmoja.

Tusimhukumu mtu nia yake. Labda wasiwasi wa usalama ulikuwa wa kweli. Lakini somo ni hili: kijana mwenye wazo jipya, hata benki kubwa yenye wazo jipya, inapita kwenye geti la mkubwa. Geti likifungwa wazo linafia nje, na sisi hatutajua kamwe tulikosa nini.

5️⃣ UKUTA MKUBWA ZAIDI

Hayo ni ya hapa kwetu. Duniani kuna wakubwa wa wakubwa. Facebook iliinunua Instagram 2012 kwa dola bilioni 1, kisha WhatsApp 2014 kwa dola bilioni 19. Tarehe 4 Oktoba 2021, kosa moja la kiufundi ndani ya kampuni hiyo likazima vyote vitatu kwa saa kama sita, kuanzia jioni yetu mpaka usiku. Mnakumbuka? Watu walidhani bando limeisha. Familia, vikundi, biashara za akina mama, vyote vimening'inia kwenye msumari mmoja.

Halafu kuna hili linalonigusa kama muuguzi. Aprili 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu matangazo ya maziwa ya kopo mitandaoni. Akaunti za kampuni za maziwa zilizochunguzwa zilikuwa zinaweka maudhui mara 90 hivi kwa siku, yakiwafikia watu milioni 229. Hiyo ni mara tatu ya waliofikiwa na mafunzo ya kunyonyesha yasiyo ya biashara. Mtandao unajua wewe ni mjamzito kabla hata mama mkwe hajajua, na unamuuzia habari hiyo mwenye hela. Ziwa la mama halina hela ya tangazo.

6️⃣ TUSEME HAKI

Sisemi kampuni kubwa ni adui. Huduma ya m-mama, ile inayompeleka mama mwenye dharura hospitali, ilikua kwa msaada wa taasisi ya Vodafone, na madereva wa jamii walilipwa kwa M-Pesa. Aprili 2022 ikazinduliwa kitaifa. Namba ni 115, bure. Ukubwa ulitumika vizuri hapo. Wala si kila kato ni la kampuni: tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021 ilikuwa ya serikali.

Ninachosema ni kwamba mkubwa hufanya vizuri zaidi akijua unaweza kuondoka. Tangu Machi 2017 tuna haki ya kuhama mtandao bila kubadili namba. Wangapi mnalijua hilo?

Kwa hiyo mama zangu, kabla ya mwezi wa tisa:
✅ Hela ya dharura usiiweke yote sehemu moja. Nyingine iwe kwenye simu, nyingine taslimu nyumbani.
✅ Mjue wakala wa karibu anayefungua usiku. Ongea naye mapema.
✅ Andika 115 nyuma ya kadi ya kliniki, kwa kalamu. Kikundi cha WhatsApp kinaweza kuzimika, karatasi haizimiki.
✅ Ukiona tangazo la maziwa ya kopo, muulize kwanza muuguzi wako.
✅ Makato usiyoyaelewa, ulize kwa kampuni. Usiporidhika, malalamiko yako yafikishe TCRA.

Kuta hizi zilijengwa na watu, na zile zilizobomoka zilibomolewa na watu waliolalamika mpaka wakasikilizwa. Tusiache kuuliza.

Sehemu ya 4: picha za watoto wetu mitandaoni, nani anazitunza na kwa faida ya nani. Wenye maswali ulizeni hapa chini, nikitoka zamu nitajibu. Usiku mwema. 🌻