Nani Mwenye Mlima? Hoja kuhusu Utalii wa Masisi na Walikale

Wanaoandika kuhusu utalii wa Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, wana kawaida ya kuanza na sifa. Masisi huitwa Uswisi ya Afrika kwa ajili ya vilima vyake vya malisho, vyenye ubaridi na ukungu wa asubuhi. Walikale husifiwa kwa msitu wake mnene, wenye gorila, sokwe na ndege wa aina nyingi. Kisha hufuata kauli ambayo haijadiliwi: usalama ukirudi watalii watakuja, na wakija wananchi watafaidika. Makala hii inaipinga kauli hiyo. Utalii ni matumizi ya ardhi, sawa na mgodi au shamba la chai, na katika wilaya hizi mbili watu wameuana kwa sababu ya ardhi. Swali la nani mwenye mlima halifai kusubiri mpaka mgeni awe amekwisha kufika.

Wapangaji wengi wa utalii huvutwa na visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, hasa Bali. Mwaka 2019 kisiwa hicho cha Indonesia kilipokea wageni wa kigeni zaidi ya milioni 6. Mwaka 2021, mipaka ikiwa imefungwa kwa sababu ya Uviko, waliofika kutoka nje hawakutimia hata mia moja. Wahudumu wa hoteli walirudi vijijini kulima mpunga na mwani, wale waliokuwa bado na mahali pa kulima. Huko Ufilipino, serikali ilikifunga kisiwa cha Boracay kwa miezi sita kuanzia tarehe 26 Aprili 2018, kwa kuwa maji machafu ya hoteli yalikuwa yakimwagwa baharini. Mwenyeji aliyebaki na shamba lake huweza kuvumilia msimu mbaya; aliyeliuza ili hoteli ijengwe hana pa kukimbilia.

Kivu inaujua msimu mbaya vizuri kuliko Bali. Tarehe 11 Mei 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa nyara katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga na askari wa hifadhi akauawa. Hifadhi ikafungwa kwa wageni hadi Februari 2019. Machi 2020 ikafungwa tena kwa sababu ya Uviko, kisha vita vya waasi wa M23 vikarejea. Kisiwa cha Tchegera kilichoko Ziwa Kivu, si mbali na mji wa Sake, kilikuwa na kambi nzuri ya mahema na mandhari ya volkano ambayo sijaona mfano wake popote. Lakini uzuri wote huo ulitegemea uamuzi wa mtu aliyekaa London au Brussels, akisoma tahadhari za usafiri za serikali yake.

Basi tuitazame ardhi yenyewe. Mwaka 1928 wakoloni waliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, ikapewa mamlaka ya kugawa ardhi kubwa kwa walowezi. Kati ya 1937 na 1955 serikali ya Kibelgiji ilileta makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwakalisha Masisi, katika nchi ya Wahunde, ili mashamba ya walowezi yapate vibarua. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na Novemba mwaka huohuo Rais Mobutu akatangaza sera yake ya kuzifanya mali za wageni kuwa za Wazaire. Mashamba ya walowezi yakaangukia mikononi mwa wakubwa wenye jamaa Kinshasa. Mkulima aliyezaliwa juu ya kilima akajikuta mpangaji. Katika mashamba mengi ya ng'ombe ya Masisi bado anapewa kipande cha kulima kwa sharti la kufanya salongo, yaani siku kadhaa za kazi kwa mwenye shamba bila malipo. Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Watafiti wengi waliochunguza mauaji hayo wanaitaja ardhi miongoni mwa mizizi yake.

Malisho yale ya kijani yanayopigwa picha ni historia hiyo hasa. Kilima chenye nyasi laini bila nyumba hata moja kinapendeza kwa sababu kuna watu waliozuiwa kujenga pale. Mwekezaji akija kesho kutafuta mahali pa hoteli atapatana na mwenye hati, na mwenye hati mara nyingi haishi Masisi. Watu wa salongo watahesabiwa kuwa sehemu ya mandhari, na wakiidai njia yao ya kwenda mtoni wataambiwa wanasumbua wageni.

Walikale mgawo wa ardhi ulikuja kwa mlango mwingine, ule wa hifadhi. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa 1970 ikiwa na hekta 60,000. Mwaka 1975 ikapanuliwa hadi hekta 600,000 na kuingia katika misitu ya chini, ikiwemo ya Walikale. Hifadhi ya Maiko, ya 1970 pia, inagusa upande wa kaskazini. Watwa, wenyeji wa msitu, waliotolewa Kahuzi-Biega walidai haki zao kwa miaka mingi, na katika uamuzi uliotangazwa 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema wazi kwamba Kongo imezivunja. Hawa ndio waliozijua nyayo za gorila kabla ya mtaalamu yeyote. Utalii wa gorila ulianza Kahuzi-Biega mapema katika miaka ya 1970, nao wakawa waongoza njia ndani ya msitu uliokuwa wao.

Kuna njia nyingine, nayo imekwisha kuanza. Amri ya Agosti 2014 inairuhusu jamii kupata msitu wake kisheria, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila ukomo wa muda. Katika eneo la Nkuba, wilayani Walikale, shirika la Dian Fossey Gorilla Fund hufanya kazi na familia zenye ardhi ya kimila, na wafuatiliaji wa gorila ni vijana wa vijiji vya hapo. Kazi yao si ya kubahatisha. Kila jioni gorila hujitengenezea kiota kipya kwa kukunja matawi na majani; asubuhi wafuatiliaji hukifikia kiota, hutazama ukubwa wa kinyesi, hupima, huandika, wakajua kundi lina wakubwa wangapi na watoto wangapi. Gorila hawa wa nyanda za chini, ambao hawapatikani nje ya Kongo ya mashariki, waliorodheshwa 2016 kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kijana anayelipwa kuwahesabu ana sababu ya kutoshuka migodini kuchimba kasiteriti, madini ya bati, hata kama hakuna mtalii mmoja atakayefika mwaka huu. Mshahara huo hautoki kwenye tiketi ya mgeni, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Nitajibiwa kwamba Rwanda imefanikiwa kwa njia ya mgeni tajiri: kibali cha kuona gorila kimefika dola 1,500 tangu 2017, na asilimia 10 ya mapato ya hifadhi hurudi kwa jamii. Siyabezi mafanikio hayo. Lakini Rwanda ina serikali inayofika kila kilima, na saa chache za lami kutoka uwanja wa ndege hadi mji wa Musanze. Walikale kwa miaka mingi ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha barabara pale Kilambo kubeba madini yaliyotolewa msituni kwa migongo ya watu. Mahali kama hapo mgeni wa dola 1,500 huletwa kwa helikopta na kulindwa kwa bunduki, na mwenye bunduki ndiye anayebaki na fedha.

Masisi ina mgeni wake tayari, ila hakuna anayemhesabu: mkazi wa Goma. Katika vipindi vya utulivu familia za mjini zilipanda kupitia Sake hadi Mushaki na Lushebere kupumua hewa baridi, kula nyama ya kuchoma na kurudi na fromaji, yaani jibini. Fromaji ya Masisi ina mizizi katika misheni za Kibelgiji, na leo hutengenezwa katika vibanda vya mbao vilimani. Maziwa ya asubuhi hupashwa moto juu ya kuni, hugandishwa, hukatwa, hukamuliwa ndani ya kalibu, kisha magurudumu yake ya njano hukaa wiki kadhaa juu ya mbao yakigeuzwa kwa mkono. Halafu hushuka Goma kwa pikipiki. Mgeni huyu hahitaji viza. Barabara ikifunguka Jumapili hii, Jumapili ijayo atakuwa njiani.

Na Walikale ina urithi usiohitaji hata nyasi. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga ulirekodiwa 1956 kutoka kwa msimulizi Rureke, ukachapishwa 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Mwanachuo wa Marekani anausoma darasani. Mtoto wa shule ya Walikale ana haki ya kuusikia kwanza, katika Kinyanga, ukiimbwa na kuchezwa, kabla haujawa onyesho la watalii.

Wapo watakaosema si wakati wa kuzungumza haya, ilhali M23 iliichukua Masisi mjini Januari 2025, ikaingia Walikale Machi, na watu wametawanyika. Nadhani ndio wakati wake. Ardhi ya aliyekimbia haibaki wazi. Hupata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya hutafuta hati. Amani yoyote itakayotiwa saini italeta wawekezaji kabla ya kuleta wakimbizi nyumbani. Kwa hiyo orodha ya mashamba, ya njia za mtoni na ya makaburi ya kila kilima inapaswa kuandikwa sasa, kutoka vinywani mwa wazee wa Kihunde, Kihutu, Kitutsi, Kinyanga na Kitwa ambao bado wanaikumbuka mipaka, na kibali chochote cha hoteli kisitolewe pasipo kuwasikiliza.