Majina ya Okidi kama Hati za Historia

Aghalabu jina la mmea huchukuliwa kuwa alama tu ya kuutambulisha. Historia ya ukusanyaji wa okidi katika karne ya 19, hata hivyo, yaonyesha kwamba jina laweza kuwa hati: humtaja mmoja na kuwanyamazia wengine.

Katika miaka ya 1830 James Bateman, tajiri wa Uingereza aliyeyapenda mno maua hayo, alimwandikia George Ure Skinner, mfanyabiashara aliyekuwa Guatemala, akimwomba ampelekee okidi. Kutokana na mizigo ya Skinner na ya wengine, Bateman alitoa, kati ya 1837 na 1843, kitabu cha okidi za Meksiko na Guatemala. Kilikuwa na picha kubwa 40, na nakala zake zilikuwa 125 tu. Michoro mingi ni kazi ya wanawake wawili, Sarah Anne Drake na Augusta Withers.

Kazi yao haikuwa pambo. Okidi ikikaushwa hupoteza rangi na ua lake husinyaa. Kwa hiyo mchoro wa ua bichi ulikuwa ushahidi uliotegemewa na wataalamu.

Heshima ya majina iligawanywaje? Cattleya skinneri na Lycaste skinneri zilimtukuza mfanyabiashara. Drake naye alikumbukwa: John Lindley, mtaalamu aliyechorewa naye kwa miaka mingi, aliipa jenasi moja ya okidi za Australia ya Magharibi jina la Drakaea. Wenyeji walioishi na maua hayo hawakutajwa.

Lakini wenyeji nao walikuwa na majina yao. Lycaste nyeupe huitwa kwa Kihispania monja blanca, yaani mtawa mweupe, na mwaka 1934 Guatemala iliifanya ua la taifa. Costa Rica nayo ilichagua Cattleya skinneri mwaka 1939, kwa jina la huko, guaria morada. Mwaka 2003 wataalamu waliihamishia okidi hiyo katika jenasi mpya, Guarianthe, jina lililoundwa kwa neno hilo guaria. Hivyo, baada ya zaidi ya miaka 160, neno la wenyeji limesimama mbele ya jina la Skinner: Guarianthe skinneri.

Withers hayumo katika majina hayo. Amtafutaye hana budi kufungua kitabu na kusoma maandishi madogo yaliyo chini ya picha.