Chumvi ya akwaria ya matumbawe

Chumvi ya akwaria ya matumbawe ni mchanganyiko mkavu wa chumvi za madini unaoyeyushwa katika maji baridi ili kupata maji yanayofanana na maji ya bahari. Hutumiwa na watu wanaofuga matumbawe, samaki wa baharini na wanyama wengine wa miambani ndani ya tangi la kioo nyumbani, hasa mahali palipo mbali na pwani. Kwa kuwa matumbawe hayawezi kuhama maji yanapoharibika, uchaguzi wa chumvi na wa maji ya kuichanganyia huamua kama yataishi au yatakufa.

Muundo wa maji ya bahari

Kwa wastani kilo moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi. Zaidi ya asilimia 99 ya chumvi hizo ni ioni sita. Katika kila kilo ya maji huwa na takriban:

- kloridi: gramu 19.4
- sodiamu: gramu 10.8
- salfati: gramu 2.7
- magnesiamu: gramu 1.3
- kalsiamu: gramu 0.4
- potasiamu: gramu 0.4

Kiasi cha chumvi hutofautiana kati ya bahari na bahari, lakini uwiano wa ioni hizi karibu haubadiliki. Mwaka 1884 mwanakemia William Dittmar alithibitisha jambo hilo kwa kupima sampuli 77 za maji zilizokusanywa na meli ya utafiti Challenger. Uwiano huo ndio unaoigwa na watengenezaji wa chumvi ya akwaria.

Jambo lingine muhimu ni ualkali, yaani uwezo wa maji kuzuia tindikali, ambao hutokana hasa na bikabonati. Hupimwa kwa kipimo cha dKH, na katika maji ya bahari huwa karibu 7. Matumbawe magumu hutumia kalsiamu na bikabonati kujenga kiunzi chao cha chokaa. Kila ualkali unaposhuka kwa 2.8 dKH kwa sababu hiyo, kalsiamu hupungua kwa miligramu 20 hivi kwa lita. Kwa hiyo upungufu wa ualkali huonekana mapema kuliko ule wa kalsiamu.

Historia

Jengo la samaki la bustani ya wanyama ya London lilifunguliwa mwaka 1853. Mwaka uliofuata Mwingereza Philip Henry Gosse, mwandishi wa kitabu The Aquarium, alitengeneza maji ya bahari kwa chumvi nne: chumvi ya kawaida, chumvi ya haluli (salfati ya magnesiamu), kloridi ya magnesiamu na kloridi ya potasiamu. Lengo lilikuwa kuwawezesha watu wa miji ya ndani kufuga viumbe wa baharini bila kusafirisha maji. Siku hizi mchanganyiko huuzwa tayari kwa mifuko na ndoo. Miongoni mwa chapa zinazojulikana ni Instant Ocean, Tropic Marin na Red Sea.

Kwa nini chumvi ya kawaida haifai

Chumvi ya mezani ni karibu kloridi ya sodiamu tupu. Ile iliyotiwa madini joto ina iodini kidogo, lakini haina magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na bikabonati ya kutosha.

Chumvi ya mashamba ya pwani, kama yale ya Bagamoyo na Lindi, hutokana na bahari, lakini nayo haiwezi kurudishwa kuwa maji ya bahari. Maji yanapokauka juani, chokaa hutuama kwanza, kisha jasi, na baadaye kloridi ya sodiamu, ambayo ndiyo huvunwa. Sehemu kubwa ya magnesiamu na potasiamu hubaki katika maji machungu yanayomwagwa. Chumvi ya Uvinza, mkoani Kigoma, hutoka katika maji ya chemchemi za chumvi, nayo pia ni ya chakula.

Aina za mchanganyiko

Mchanganyiko wa kawaida hulenga viwango vilivyo karibu na vya bahari: kalsiamu miligramu 400 hadi 430 kwa lita na ualkali wa dKH 7 hadi 9. Unafaa kwa tangi la samaki, kwa matumbawe laini, na kwa tangi ambalo mfugaji huongeza kalsiamu na bikabonati kwa njia nyingine.

Mchanganyiko ulioongezewa nguvu huwa na kalsiamu nyingi zaidi na ualkali unaoweza kufika dKH 12. Hukusudiwa kwa matumbawe magumu yanayokua haraka, kama yale ya jenasi Acropora, pale ambapo kubadilisha maji ndiyo njia kuu ya kurudisha madini.

Aina bora ni ile iliyo karibu na hali ya tangi lenyewe. Kwa mfano, tangi lenye dKH 8 likibadilishiwa asilimia 10 ya maji kwa mchanganyiko wa dKH 12, ualkali hupanda hadi 8.4 tu. Likibadilishiwa nusu ya maji, hufika 10 kwa mara moja, na mabadiliko ya ghafla kiasi hicho yanaweza kudhuru matumbawe. Kubadilisha chapa mara kwa mara huleta tatizo hilohilo.

Kiasi na gharama

Mchanganyiko huwa na unyevu ndani ya fuwele zake, hivyo lita moja ya maji huhitaji takriban gramu 37. Tangi la lita 200 huhitaji kilo 7.4 kulijaza mara ya kwanza. Likibadilishiwa lita 20 kila wiki, hutumia karibu kilo 38 kwa mwaka. Kwa sababu hiyo, upatikanaji wa aina ileile mwaka mzima ni kigezo kikubwa kuliko bei ya mfuko mmoja.

Maji ya kuchanganyia katika nyanda za kati

Kibaigwa, mji wa wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma unaojulikana kwa soko lake la mahindi, uko zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Dumu la lita 20 la maji ya bahari lina uzito wa zaidi ya kilo 20, lakini chumvi iliyomo ni gramu 700 hivi tu. Kusafirisha chumvi kavu ni rahisi zaidi.

Ugumu uko kwenye maji. Maji ya visima katika sehemu nyingi za nyanda kavu za kati ni magumu na yana chumvichumvi. Yakichanganywa na chumvi ya akwaria, uwiano wa madini huvurugika hata kama chumvi ni ya bei ghali. Yanaweza pia kuwa na nitrati, inayochochea mwani. Maji ya mvua yana madini machache, lakini yanayotoka kwenye bati hubeba vumbi na zinki, na yanayopita katika mabomba ya shaba hubeba shaba. Metali hizo ni sumu kwa matumbawe na kamba hata zikiwa kidogo. Njia salama ni maji yaliyochujwa kwa utando wa osmosisi kinyume au yaliyokenekwa.

Katika hewa kavu maji hupungua haraka tangini kwa mvuke, huku chumvi ikibaki. Kinachopungua hivyo hujazwa kwa maji baridi safi, si kwa maji ya chumvi.

Kuchanganya na kupima

Chumvi huongezwa kidogokidogo kwenye maji yanayozungushwa kwa pampu, katika chombo cha plastiki cha chakula. Kumwaga maji kidogo juu ya chumvi nyingi huweza kutuamisha chokaa na kufanya maji kuwa meupe. Haichanganywi ndani ya tangi lenye wanyama. Maji yakishakuwa maangavu na kufikia nyuzi 25 hivi za Selsiasi, hupimwa kwa refraktomita au haidromita. Uzito linganifu unaotakiwa ni takriban 1.026. Ualkali na kalsiamu vya kila ndoo mpya hupimwa pia, kwani vinaweza kutofautiana na vilivyoandikwa kwenye lebo. Ndoo hufunikwa ili chumvi isivute unyevu na kugandamana.

Uhifadhi

Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho II cha mkataba wa CITES, hivyo biashara yake ya kimataifa huhitaji kibali. Nchini Tanzania Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilitungwa mwaka 1994, na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995. Wafugaji wengi duniani hupendelea vipande vilivyokuzwa katika matangi kuliko vilivyong'olewa baharini.

Tazama pia

- Matumbawe
- Chumvi
- Bahari ya Hindi
- Kibaigwa