Ganda kuukuu lageuzwa kipimo cha risasi
Nchini Marekani, ambako walenga shabaha wengi hujitengenezea risasi nyumbani, kipimo muhimu hupatikana kwa ganda lililokwisha kufyatuliwa. Shingo ya ganda hilo, lisilo na baruti wala fataki, hupasuliwa kwa msumeno mwembamba na kichwa cha risasi kikachomekwa kidogo tu. Likiingizwa bundukini, matuta yaliyo ndani ya mtutu hukirudisha kichwa nyuma. Kisha urefu wote hupimwa kwa vernia. Ugumu uko katika kulitoa: kichwa kikinata mtutuni, kipimo hudanganya. Tena kipimo hicho ni cha bunduki hiyo pekee, na cha kichwa cha aina hiyo. Risasi iliyotengenezwa ndefu mno hubana matuta hayo, shinikizo la gesi likapanda, na bunduki yaweza kumpasukia mfyatuaji usoni.