Hisa moja ikikatwa mara kumi, usukani unabaki kwa nani?

Congo yetu haina soko la hisa. Lakini Equity BCDC tunaijua wote. Mwaka 2015 Equity ya Nairobi ilinunua ProCredit Bank Congo, na 2020 ikachukua asilimia 66.53 ya BCDC kutoka kwa familia ya Forrest. Kwa hiyo kura kubwa juu ya benki hii zinapigwa Kenya, na historia ya hisa za kule inatuhusu.

Equity ilianza 1984 Murang'a, chama kidogo cha kukopesha watu pesa za kujenga nyumba. Ikawa benki 2004, ikaingia soko la hisa la Nairobi 2006. Mwishoni mwa 2007 mfuko wa uwekezaji wa Helios ukanunua karibu robo yake, kama shilingi bilioni 11. Halafu 2009 kila hisa ikakatwa vipande kumi. Hisa milioni 370 zikawa bilioni 3.7.

Je, nani alitajirika siku ile? Hakuna. Huku Kalengera gunia la makala likifunguliwa na kuuzwa kwa sashe, makala haiongezeki. Wanunuzi ndio wanaongezeka. Aliyekuwa na hisa 200 alipata 2,000, zenye thamani ileile. Helios alikuwa na karibu robo, akabaki na karibu robo.

Faida ilikuwa kwa aliye nje. Nairobi, hisa zilikuwa zinanunuliwa kwa mafungu ya 100. Tuseme hisa moja ni shilingi 150: fungu ni 15,000. Ikikatwa mara kumi, fungu ni 1,500. Hapo mwalimu anaingia, mama wa soko naye anaingia. Hilo ni jambo zuri, tusilidharau.

Ila kuna upande wa pili. Wadogo wakiwa wengi, kila mmoja na vipande vyake vichache, nani atalipa gari kwenda mkutano wa mwaka? Mwenye robo hahitaji kuongeza hata hisa moja. Sauti yake inazidi uzito kwa sababu wengine wamebaki nyumbani. Kwa maoni yangu, kukata hisa hakumnyang'anyi mdogo kura. Kunamfanya aione ni ndogo mno, aiache mwenyewe.

Kuna pia mkato wenye mtego. Google, 2014, iliwapa wenye hisa kipande kipya kwa kila hisa, lakini kipande hicho hakina kura. Tangu hapo kampuni iliweza kulipa wafanyakazi kwa hisa bila kura, na waanzilishi Larry Page na Sergey Brin wakabaki na usukani. Wenye hisa wa kawaida walikuwa wamekwenda mahakamani, na kufuatia mapatano, 2015 Google iliwalipa zaidi ya dola milioni 500, kwa sababu hisa isiyo na kura iliuzwa bei ya chini.

Katika koperative zetu, mwanachama mmoja ni kura moja, awe na sehemu 2 au 200. Katika kampuni, kura inafuata hisa. Basi siku mtu atakuletea habari za hisa zilizokatwa, usianze kuhesabu vipande. Muulize kwanza: kila kipande kina kura? Na kama kinayo, nenda ukaipige, au umtume mtu akupigie.